Njia ya Ruwenzori: mlima unaoonekana Beni, ambao wenyewe hawaufikii tena

Mvua ikinyesha usiku kucha mjini Beni na kukatika kabla ya mapambazuko, asubuhi yake mlima unaonekana. Wakaaji wa komine Ruwenzori, upande wa mashariki wa mji, hawana haja ya kwenda popote. Wanatoka nje, wanatazama kunakochomoza jua, na juu ya mawingu kunang'aa kitu cheupe. Haichukui muda, mawingu yanarudi na kufunika. Komine hiyo ilipewa jina la mlima huo, lakini wanaosimama kuutazama kwa muda mrefu si wazaliwa wa Beni. Ni familia zilizotoka Mutwanga, Halungupa, Bulongo, Loselose na Mwenda, ambako Ruwenzori ulikuwa kama ukuta wa nyuma ya nyumba. Uso wa mlima ni uleule. Kilichobadilika ni umbali.

Huko kwao, kwenye kituo cha parki cha Mutsora karibu na Mutwanga, inaanza njia ya miguu inayopanda mpaka kwenye barafu. Watu wametoka Ulaya na Marekani kuja kuikanyaga. Katika vitabu, historia ya njia hii imejaa majina ya Wazungu: lutena fulani, daktari fulani, mwana wa mfalme fulani. Ukisoma polepole unakuta kwamba nyuma ya kila jina kuna mstari mrefu wa watu wa hapa wenye mizigo kichwani. Hao ndio waliojua njia, na kila mara njia ilipofungwa, wao ndio waliopoteza.

Kabla ya hao wageni, mlima ulikuwa na wenyewe. Banande wa upande wa Kongo na Bakonzo wa upande wa Uganda ni watu wa ukoo mmoja, Bayira, na lugha yao ni moja yenye tofauti ndogo ndogo. Theluji wanaiita nzururu. Kwa mapokeo yao, mlima una bwana wake, Kitasamba, na mtu hakupanda ovyo bila kumheshimu. Waliopanda walikuwa na kazi. Wawindaji walifuata pimbi, wakitega mitego juu kabisa ambako baridi inauma, na usiku walilala chini ya miamba mikubwa. Miamba hiyohiyo ndiyo Wazungu walikuja kuionyeshwa baadaye, wakaiandika kwenye ramani kama kambi zao. Chini ya mlima kulikuwa na njia nyingine yenye faida zaidi, njia ya chumvi. Chumvi ilitoka kwenye ziwa la Katwe, leo Uganda, ikabebwa mgongoni kupita upande wa Kasindi hadi kwenye milima ya Banande. Mama anayeuza chumvi leo kwenye soko la Butembo anafanya biashara ya zamani kuliko mji wenyewe.

Tarehe 24 Mei 1888, Henry Morton Stanley, akiwa karibu na ziwa Albert, aliona weupe angani na kuambiwa kwamba si wingu. Mwaka uliofuata, yeye na msafara wake mrefu, pamoja na Emin Pasha waliyekuja "kumwokoa", walivuka mto Semliki na kupita chini ya mlima. Watu wengi wa msafara walikuwa wapagazi kutoka Zanzibar, na hao ni kati ya waliosambaza Kiswahili katika pande hizi. Mwezi wa Juni 1889, afisa mmoja wa Stanley, lutena William Stairs, alijaribu kupanda. Alifika mita zaidi ya 3,200, akatazama mabonde yaliyobaki mbele yake, akageuka. Chakula kilikuwa kidogo na watu wake hawakuwa na nguo za baridi.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1891, Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyekuwa akisafiri na Emin Pasha huyohuyo, alipita bonde la mto Butahu na kufika mita karibu 4,000. Huyo ndiye wa kukumbuka, maana bonde la Butahu ndilo ambalo njia ya Mutsora inalifuata mpaka leo. Kilele chenyewe kilipandwa kwa upande wa pili. Mwezi wa Juni 1906, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, alipanda kutoka Uganda na kukipa kilele kirefu zaidi jina la malkia wa Italia, Margherita. Kina mita 5,109, na ndiyo sehemu ya juu kabisa ya nchi ya Kongo. Kilele cha jirani kikapewa jina la Alexandra, malkia wa Uingereza. Kitasamba hakuulizwa.

Kisha wakubwa wa Ulaya wakakaa mezani. Kwa mkataba wa 1910 kati ya Waingereza na Wabelgiji, mpaka ulipitishwa juu ya vilele, na watu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili. Mpaka wa juu ya barafu hauna kizuizi, wala forodha. Jambo hilo litarudi baadaye katika habari hii, kwa ubaya.

Tukifika kwenye parki, ni vizuri kwanza kusema neno lenyewe. Katika miji mingi ya dunia, parki ni bustani yenye miti, vibao vya kukaa, na watoto wanaokimbia Jumapili mchana. Ukimuuliza mtoto wa Beni parki ni nini, hatakutajia mahali pa kutembea. Atakuambia ni kule mtu asikokwenda.

Parki ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa amri ya mfalme Albert wa Ubelgiji, na ikaitwa kwa jina lake. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika nzima. Mfalme alikuwa ametembelea parki za Marekani mwaka wa 1919, na mtaalamu mmoja Mmarekani, Carl Akeley, alikuwa akisisitiza kwamba sokwe wa volkano wasipolindwa wataisha. Wakati huo parki ilikuwa ndogo na iko mbali, kule kwenye volkano za kusini. Watu wa Beni haikuwahusu. Ni amri za 1929 na 1935 zilizoivuta kuelekea kaskazini, ikameza nyanda za ziwa Edouard, bonde la Semliki na mteremko wa magharibi wa Ruwenzori. Leo ina hekta karibu 790,000, na ina urefu wa kilometa 300 hivi.

Bonde la Semliki halikuwa tupu. Kulikuwa na wavuvi, wafugaji na wakulima. Ugonjwa wa malale uliposhika, utawala wa kikoloni uliwahamisha watu kutoka bondeni ukisema ni kwa ajili ya afya yao. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, haukuwa uongo. Lakini waliohamishwa walipofikiria kurudi, ardhi ilikuwa imeisha kuandikwa ndani ya parki. Hapo ndipo mizizi ya ugomvi ambao wakaaji wa Beni wanaujua kwa jina moja, Mayangose.

Njia ya mlima ilipata sura yake katika miaka hiyohiyo. Mwaka wa 1932 ujumbe wa Wabelgiji, ukiongozwa na mtu wa ukoo mkubwa aliyeitwa Xavier de Grunne, ulikuja na wataalamu wa mimea na mawe, pamoja na wapanda milima. Walipanda kutoka upande wa Kongo, wakakipanda kwa mara ya kwanza kilele kilichopewa jina la mfalme Albert. (De Grunne mwenyewe alikufa mwaka wa 1944, akiwa mfungwa wa Wanazi.) Mizigo ya ujumbe ule haikupanda yenyewe. Mahema, vyombo vya kupimia, karatasi za kukaushia mimea, chakula cha Wazungu, vyote vilipita kwenye matope ya Butahu juu ya vichwa na migongo ya wanaume wa vijiji vya chini. Njia ikatengenezwa, vibanda vya kulala vikajengwa, na kazi ya upagazi na uongozaji ikaingia katika familia za Mutwanga, baba akimrithisha mtoto.

Wasiowahi kupanda, na hao ni karibu wakaaji wote wa Beni na Butembo, wanastahili kujua kilichoko huko. Siku ya kwanza mtu anatoka kwenye mashamba, anaingia kwenye msitu, anavuka maji, na jioni anafika kibanda cha Kalonge, mita zaidi ya 2,100. Mpaka hapo, anayelima Kyondo au Lubero hashangai, kwani baridi ni ileile ya kwao. Siku ya pili ndiyo inayochosha. Baada ya mianzi kuna miti iliyopinda, yenye mizizi iliyoinuka juu ya ardhi, na yote imefunikwa na kuvu na ndevu za kijani, hata mtu hajui kama anakanyaga udongo au hewa. Mguu ukiteleza unazama kwenye matope hadi kwenye goti. Jioni ni Mahangu, mita zaidi ya 3,300. Siku ya tatu miti inaisha, na mahali pake kuna mimea ambayo kule chini ni majani ya kawaida lakini huku imekuwa mirefu kuliko mtu, mingine kama nguzo, mingine kama kabichi iliyopandishwa juu ya mti. Kibanda cha Kiondo kiko juu ya mita 4,200. Chini yake kuna ziwa lenye maji meusi, ambalo Wabelgiji waliliita Ziwa Jeusi, na katika mawingu yaliyopasuka barafu iko mbele ya macho. Wageni wengi waliishia hapo, wakarudi wakiwa wameridhika. Waliotaka zaidi walisogea mpaka kibanda cha mwisho, Moraine, na kutoka hapo ni kamba, shoka za barafu na viatu vya miiba.

Safari nzima ilichukua siku tano, sita, au zaidi kwa wenye kwenda kileleni. Mgeni mmoja alihitaji mwongozaji, mlinzi wa parki na wapagazi kadhaa. Chakula kilinunuliwa Mutwanga. Kwa hiyo mgeni mmoja aliyetaka kuona theluji aliwagusa watu wengi, mpaka mama muuza maharagwe. Tena mpagazi alipanda njia ileile ya mgeni, kwenye matope yaleyale, akiwa na mzigo mgongoni na viatu vya mpira miguuni. Hakuna kilele hata kimoja chenye jina la mpagazi.

Baada ya uhuru wa 1960 jina la mfalme liliondoka, na tangu 1969 parki inaitwa Virunga. Mwaka wa 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Wazee wanaokumbuka wageni wengi kwenye njia ya Mutsora wanazungumzia miaka hiyo, wakati wa Zaire, kabla ya barabara kuharibika kabisa.

Kilichoua njia hakikuwa barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waasi wa NALU, wengi wao Bakonzo waliopingana na serikali ya Uganda, walijificha upande wa Kongo wa mlima. Mwaka wa 1995 waliungana na kundi la ADF. Mpaka ule wa 1910 usio na kizuizi ukawa na faida kwa mwenye bunduki: njia za wawindaji wa pimbi na za wapagazi zikawa njia za waasi. Mwaka wa 1994 parki iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata, na vibanda vikabaki bila mtu. Walinzi wa parki walioandikwa kulinda wanyama walijikuta vitani. Katika historia ya Virunga, zaidi ya 200 kati yao wameuawa kazini, na wengi ni watoto wa vijiji hivihivi vinavyolalamika juu ya parki. Ni jambo linalosahaulika wakati wa hasira.

Kukawa na kipindi kifupi cha pumzi. Baada ya 2010 wageni walianza tena kupanda, wachache wachache. Mwaka wa 2013 mtambo mdogo wa umeme ulianza kufanya kazi Mutwanga kwa nguvu ya maji yanayoshuka mlimani, na baadaye kukaja kiwanda cha sabuni na chokoleti. Kakao ilikuwa imeisha kuwa dhahabu ya sekta ya Ruwenzori. Kwa mara ya kwanza, mlima ulionekana kuwalisha walio chini yake bila kuwafanya wabebe mzigo wa mtu.

Mwezi wa Oktoba 2014 mauaji ya raia yalianza katika mji na teritwari ya Beni. Mitaa iliyopakana na parki ndiyo iliyoumia sana. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016, kule Rwangoma, watu waliokuwa wakirudi mashambani na waliokuwa nyumbani waliuawa kwa makumi. Mashamba ya upande wa Mayangose yalikuwa yakiulisha mji kwa mpunga, mihogo na ndizi. Parki inasema mashamba mengi huko yako ndani ya mipaka yake. Wakulima wanasema mababu zao walilima kabla ya mipaka. Ubishi huo ungeweza kumalizwa na watu wakiwa na karatasi za 1929 na 1935 mbele yao. Waasi walipoingia katikati, ubishi haukuisha, ila hakuna aliyebaki salama kuuendeleza pale shambani. Mkulima akienda anaogopa panga. Asipoenda, watoto wanalala njaa kwenye nyumba ya kupanga huko Boikene au Mabakanga.

Vijiji vya chini ya mlima viliendelea kulima mpaka mwisho wa 2020. Ndipo mashambulizi yakahamia kwao: Mwenda, Loselose, Halungupa, Bulongo. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura iliyotangazwa na serikali ilianza kutumika katika jimbo, na tarehe 30 Novemba mwaka huo jeshi la Kongo na la Uganda zilianza operesheni za pamoja zilizoitwa Shujaa. Kwenye barabara ya Beni hadi Kasindi magari yalilazimika kwenda kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Kakao iliyoiva ilivunwa na wengine.

Familia zilikimbilia Beni, Oicha, na nyingine zikapanda mpaka Butembo, kilometa 54 kutoka Beni. Hapo kuna jambo ambalo haliongelewi sana. Wengi wa wakulima wa kakao wa Mutwanga na Bulongo ni watoto au wajukuu wa watu walioshuka kutoka milima ya Lubero na Butembo kutafuta ardhi, kwa sababu kule juu mashamba yaligawanywa kati ya ndugu hadi yakawa kama leso. Vita vimewarudisha walikotoka wazee wao. Wanapokelewa na wajomba na mashangazi, wanapewa chumba, lakini ardhi ile iliyowashinda babu zao haijaongezeka. Vilima vya Butembo vimejaa mikaliptisi, miti ya mbao na makala, kila kilima kina mwenyewe. Kijana aliyekuwa akibeba mzigo wa mgeni kwenda Mahangu leo anasukuma chukudu ya mbao au ya makala kwenye miteremko ya Bulengera. Nguvu za mgongo anazo. Malipo hayalingani.

Wakati binadamu wanahama, mlima nao unapungua. Wataalamu waliolinganisha vipimo walikuta kwamba barafu ya Ruwenzori ilifunika kilometa za mraba 6 na nusu hivi mwaka wa 1906, wakati mtawala wa Abruzzi alipopita. Mwaka wa 2003 ilibaki chini ya kilometa moja ya mraba, na haijaacha kuyeyuka. Weupe ule wanaouona watu wa komine Ruwenzori asubuhi ni mdogo kuliko ule aliouona Stanley, na mdogo kuliko waliouona baba zao. Kizazi kilichofungiwa njia ndicho kinachoishi wakati wa barafu ya mwisho.

Familia nyingine zimejaribu kurudi Mutwanga na Halungupa. Nyingine zinatuma mtu mmoja, mara nyingi baba au kijana mkubwa, anakwenda kuchungulia kakao na kurudi, na mama anabaki Beni na watoto kwa sababu ya shule. Wapo watoto waliozaliwa baada ya kuhama, sasa wanasoma shule ya msingi, ambao hawajawahi kukanyaga Mutsora. Kutoka Beni hadi huko ni kilometa 40 hivi, na kutoka Mutsora hadi kibanda cha Kalonge ni mwendo wa siku moja. Asubuhi zenye anga safi, wazazi wao huwaonyesha kwa kidole: nyumba yetu iko pale, chini ya ule weupe, kidogo upande wa kuume.